Uhusiano Kazini: Haki ya Mfanyakazi na Chombo cha Kuilinda

Mara nyingi uhusiano kati ya uongozi na wafanyakazi huelezwa kana kwamba ni suala la tabia njema tu. Meneja akiwa mpole na mfanyakazi akiwa mtiifu, inasemekana, kazi itakwenda vizuri na kila mtu ataridhika. Maelezo hayo hayatoshi. Meneja mpole anaweza kuhamishwa kesho, akaletwa mkali. Haki inayotegemea moyo wa mtu mmoja si haki, ni hisani. Makala hii inakusudia kuonyesha, kwa kutumia historia ya Tanzania, kwamba hali njema kazini hutegemea mambo mawili yanayokwenda pamoja: sheria inayotamka haki, na chombo cha wafanyakazi wenyewe chenye uwezo wa kuisimamia haki hiyo pale pale penye kazi. Kimoja kikikosekana, cha pili hulemaa.

Chombo kabla ya sheria

Wakati wa ukoloni sheria za kazi ziliwekwa kwa faida ya mwajiri. Mfanyakazi aliyevunja mkataba aliweza kushtakiwa mahakamani kama mhalifu. Wafanyakazi hawakungoja sheria nzuri ndipo waungane. Mwaka 1947 makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma, na mgomo ukaenea kwa wafanyakazi wengine kufuata njia ya reli. Mishahara ilipandishwa. Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana katika Shirikisho la Wafanyakazi la Tanganyika, na Ndugu Rashidi Kawawa akawa Katibu Mkuu wake. Hapa tunaona chombo kikiwa na nguvu ingawa sheria haikuwa upande wake. Lakini ushindi wa namna hiyo ulikuwa wa vipindi. Kila jambo lilipaswa kupiganiwa upya, maana hapakuwa na sheria ya kulinda kilichokwisha kupatikana.

Sheria ya mwaka 1964

Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, shirikisho lile lilivunjwa, na chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kikaundwa kwa sheria. Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Usalama wa Kazi. Kwa mara ya kwanza mwajiri alizuiwa kumfukuza mtu kazi papo kwa papo kwa hasira au kwa chuki. Palikuwa na kanuni za nidhamu zilizoonyesha kosa na adhabu yake, na mwenye malalamiko aliweza kuyafikisha kwenye Bodi ya Usuluhishi. Kamati za wafanyakazi ziliundwa mahali pa kazi penye wanachama wa NUTA wasiopungua 10, na mwajiri alitakiwa kushauriana na kamati kabla ya kutoa adhabu.

Hatua hiyo ilikuwa kubwa, lakini ilikuwa na upungufu wa aina mbili. Kwanza, kanuni zile zilieleza kwa kirefu makosa ya mfanyakazi, na kwa ufupi sana makosa ya uongozi. Pili, chama cha wafanyakazi kilikuwa karibu mno na serikali, wakati serikali yenyewe ilikuwa inakuwa mwajiri mkubwa kuliko wote, hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Mfanyakazi aliyegombana na meneja wa shirika la umma aliweza kujiuliza: nani hapa anasimama upande wangu?

Kushauri na kuamua

Februari 1970 ulitolewa Waraka wa Rais Namba 1, ulioagiza kuundwa kwa halmashauri za wafanyakazi katika mashirika ya umma. Halmashauri zilipewa nafasi ya kuzungumzia mishahara, uzalishaji, ubora wa bidhaa, masoko na elimu ya wafanyakazi. Lakini kazi yao ilikuwa kushauri. Uamuzi ulibaki kwa uongozi. Mwaka uliofuata ulitolewa Mwongozo wa TANU wa 1971. Ibara yake ya 15 iliwakataza viongozi majivuno, ubadhirifu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliipokea ibara hiyo kwa maana yake halisi. Kwao ilikuwa kipimo cha kumpimia meneja aliyewatukana, aliyetumia gari la shirika kwa shughuli zake, au aliyewafukuza wenzao bila sababu.

Matokeo yake yanajulikana. Kati ya mwaka 1971 na 1973 ilitokea migomo mingi viwandani, ikihusisha wafanyakazi zaidi ya 20,000. Jambo la kuzingatia ni kwamba mara nyingi madai hayakuwa ya fedha. Yalihusu matusi, upendeleo, ufujaji na kufukuzwa ovyo. Kwa neno moja, yalihusu utu. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha Mount Carmel Rubber walikwenda mbali zaidi: walimfungia nje mwenye kiwanda, wakaendelea kuzalisha wenyewe. Lakini mahali pengine walioiga mfano huo walifukuzwa kazi na kurudishwa makwao.

Tunajifunza nini hapa? Wako waliosema kwamba wafanyakazi walikosa nidhamu. Maoni hayo yanaangalia moshi na kuusahau moto. Watu waliambiwa kwamba uonevu ni kosa, lakini hawakupewa njia yenye nguvu ya kulishitaki kosa hilo na kuona uamuzi. Mahali penye haki ya kushauri tu, shauri likipuuzwa mara tatu, la nne huwa mgomo.

Sheria ya sasa na milango yake

JUWATA iliichukua nafasi ya NUTA mwaka 1978, kisha ikaja OTTU mwaka 1991. Baadaye vyama vya sekta mbalimbali viliruhusiwa kusimama vyenyewe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliiondoa ile ya 1964. Sheria hii inaweka saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki, likizo ya mwaka ya siku 28, na malipo ya saa za ziada yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa saa ya kawaida. Inataka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Mtuhumiwa hupewa nafasi ya kujitetea, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kusindikizwa na mwakilishi wa chama au mfanyakazi mwenzake.

Ziko pia njia za kuamua, si kushauri tu. Wafanyakazi 20 wanaweza kuunda chama. Chama chenye wanachama walio wengi mahali pa kazi kinaweza kudai kutambuliwa na mwajiri, na kutambuliwa kunampa mwajiri wajibu wa kujadiliana kwa nia njema kuhusu mkataba wa hali bora. Mgogoro ukishindikana hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Hata hivyo milango hii haijifungui yenyewe. Mtu aliyeachishwa kazi ana siku 30 tu za kulifikisha shauri lake kwenye Tume. Pasipo na tawi la chama, mfanyakazi huzimaliza siku hizo akibembeleza ofisi ya utumishi, akiambiwa njoo Jumatatu. Anapozinduka, mlango umefungwa, na sheria nzuri iliyotungwa kwa ajili yake haimsaidii tena mpaka aombe na akubaliwe kusikilizwa nje ya muda. Hali ni mbaya zaidi kwa kibarua asiye na mkataba wa maandishi, ingawa sheria inamtaka mwajiri ampe maelezo ya kazi yake kwa maandishi.

Wajibu uliopo

Kwa hiyo wajibu wa kwanza wa mfanyakazi ni kuijua sheria, hasa siku na saa zake. Wajibu wa pili ni kujenga tawi lenye wanachama wengi, wanaohudhuria mikutano na kuwahoji viongozi wao. Maana chama kinachokata michango bila kutoa hesabu ni meneja mwingine. Nao viongozi wa kazi waelewe kwamba tawi imara si adui wa uzalishaji. Mahali ambapo lalamiko husikilizwa likiwa dogo na kujibiwa kwa maandishi, mashine hazisimami. Mahali ambapo hunyamazishwa, haliishi: hulimbikizwa, na siku litakapotoka halitauliza kama meneja amejiandaa.