Nani Ana Haki ya Kukutoza Pesa Barabarani Kilifi?

Komredi, muhula uliopita mjomba aliniazima gari nihamishe vitu vyangu kutoka hosteli hadi chumba nilichopanga ng'ambo ya daraja, Mnarani. Nikapitia mjini kununua godoro. Kabla hata sijazima injini, jamaa mmoja aliyevaa jaketi la reflekta akanijia dirishani. "Paking, mkubwa. Mia mbili." Nikampa. Kwangu mimi lile jaketi lilitosha kuwa kitambulisho.

Nilipotoka dukani na godoro kichwani, nikamkuta mama mmoja, mfanyakazi wa kaunti, amesimama kando ya gari na mashine yake mkononi. Nikamwambia nimeshalipa. "Umemlipa nani, mwanangu?" Nikageuka nimwonyeshe. Wapi! Hata kivuli chake sikukiona. Nikalipa mara ya pili, na usiku huo nikanywa chai ya strungi bila mkate.

Hasira ilinifanya nikazisome hizi sheria, na nikagundua kwamba barabara moja inaweza kuwa na wenyewe zaidi ya mmoja. Ukishajua nani ni nani, huibiwi kirahisi.

Tuanze na paking. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa serikali za kaunti kazi za uchukuzi wa kaunti: barabara za kaunti, taa za barabarani, trafiki na maegesho, hata feri. Kwa hiyo ada ya kuegesha mjini ni jambo la kaunti, si la polisi. Lakini hata kaunti haiwezi kuamka asubuhi na kutaja bei inayoipenda. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema kodi au ada ya leseni haitozwi ila kwa mujibu wa sheria, na kwa upande wa kaunti ada zake huandikwa katika Sheria ya Fedha ambayo bunge la kaunti hupitisha. Bei ya paking iko mle, kwa tarakimu. Ukimlipa mtu bila risiti, umetoa sadaka tu. (Kabla sheria hiyo kupitishwa, wananchi huitwa kutoa maoni. Matangazo hutolewa gazetini, na sisi magazeti tunayajua kwa kufungia mahamri.)

Sasa polisi wa trafiki. Hawa wanasimamia Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, ambayo ni ya nchi nzima: leseni, mwendo, hali ya gari. Ndani ya mji mwisho ni kilomita 50 kwa saa, hata kama barabara ni nyeupe na una mtihani saa mbili. Ile barabara kuu ya Mombasa hadi Malindi, inayopita Kibaoni, si ya kaunti. Iko chini ya KeNHA, mamlaka ya barabara kuu. Ukiliacha gari pale likazuia wengine, hapo hatuzungumzii tena ada ya paking. Hilo ni kosa la kuziba njia, na kanuni za makosa madogo ya trafiki za 2016 zimeliwekea faini ya shilingi 10,000. Hiyo ni kodi ya chumba ya miezi kadhaa. Anayetembea kwa miguu naye yumo: kuzuia magari kwa makusudi ni 500.

Utaratibu wa kanuni hizo ni huu. Unaandikiwa notisi yenye kosa lako na tarehe ya mahakama. Ukikubali kosa, unalipa faini kwa mahakama. Ukikataa, unakwenda mbele ya hakimu kujitetea. Hakuna popote palipoandikwa kwamba unakunja noti na kuiweka ndani ya leseni.

Lakini tusijidanganye, wengi wetu hatuna gari. Sisi ni watu wa boda, na hapa ndipo tunapovunja sheria kila siku huku tukicheka. Tangu marekebisho ya 2012, dereva wa pikipiki na abiria wake wote wawili wanatakiwa kuvaa helmeti na jaketi lenye reflekta, na abiria ni mmoja tu. Mmoja! Ule mshikaki wa watu watatu kutoka Bofa saa tano usiku haumo. Najua malalamiko kuhusu helmeti ya abiria, kwamba ina jasho la mji mzima. Ni kweli. Beba leso, jifunge kichwa kwanza, halafu vaa. Na dereva asipokuwa na helmeti ya pili, kosa ni lake pia, maana ni wajibu wake kukupatia.

Kuna wanaotaka kununua pikipiki kwa pesa ya HELB wafanye boda jioni. Sina ubaya na mpango huo, mimi mwenyewe niliuwaza. Ila leseni ya pikipiki ya kubeba abiria kwa malipo ni daraja la A3, na umri wake wa chini ni miaka 21. Daraja la A2 unalipata ukiwa na miaka 18, lakini hilo ni la kuendesha mwenyewe, si la biashara. Bima nayo ni hivyo hivyo: ya matumizi binafsi haifuniki abiria aliyekulipa. Akivunjika mguu, kampuni itauliza alikuwa nani kwako, na jibu la kweli ndilo litakaloiokoa kampuni na kukuacha wewe na bili ya hospitali. Mwanafunzi wa mwaka wa pili hana pa kuitoa pesa hiyo.

Wiki jana nilikuwa tena mjini na gari la mjomba. Jaketi likaja dirishani. Sina hakika kama ni mtu yule yule. Nikamwambia nitalipa, anipe risiti. Akasema mashine imeisha chaji. Nikamjibu basi nitamngoja hapa hapa mpaka ichajiwe. Akanitazama kidogo, akatazama saa yake, kisha akaelekea kwenye gari la nyuma.