Mafuta Yasiyo Mafuta: Tatizo la Istilahi Moja ya Breki

Makala haya yanahusu breki ya mbele, na hasa neno moja litumiwalo kuitaja sehemu yake isiyoonekana kwa macho. Neno hilo ni mafuta ya breki. Limezoeleka, ni la Kiswahili, na mtafsiri akiliandika hakuna mhariri atakayelitilia shaka. Hata hivyo tunakusudia kuonyesha kwamba ni istilahi mbaya, na kwamba ubaya wake si wa sarufi wala wa ngeli, bali ni ubaya unaoweza kumwangusha mtu mlimani.

Suala hili mwandishi alilikuta katika gereji moja ya Lizaboni, kata mojawapo ya Manispaa ya Songea, alikokwenda kukusanya maneno ya ufundi. (Jina la kata hiyo humkumbusha msikilizaji Lisbon, mji mkuu wa Ureno, lakini hilo tuwaachie wanaochunguza majina ya mahali.) Kazi kubwa ya mafundi wa hapo ni pikipiki za abiria, ambazo wenyeji wa Songea huziita yeboyebo. Siku hiyo, lakini, kilikuwapo chombo kigeni kidogo: pikipiki ya magurudumu manne, yenye matairi mapana, itumikayo mashambani kubebea mbolea na kuvuta kitoroli. Msomaji asiharakishe kutucheka kwa kukiita chombo cha magurudumu manne pikipiki. Mpandaji wake hukikalia kama akaliavyo pikipiki, hushika usukani wa namna ile ile, na breki ya mbele huibana kwa vidole. Nasi tuliokubali kuiita teksi ya magurudumu matatu bajaji, kwa jina la kiwanda cha India, hatuna haki ya kudai usafi mkubwa.

Chombo hicho kilitoka kiwandani na breki za ngoma mbele, zivutwazo kwa waya. Katika breki ya namna hii vipande viwili vya mviringo vilivyovikwa kitambaa kigumu cha msuguano hutanuka ndani ya ngoma na kuibana kutoka ndani. Ngoma ikipitishwa mtoni au katika tope, maji huingia na kukaa, kwa kuwa hayana pa kutokea upesi. Breki ikawa inateleza pale pale inapohitajiwa. Udhaifu huo ukiwa nyuma huvumilika. Ukiwa mbele ni jambo jingine, maana chombo kinapofunga breki uzito wake huhamia mbele, na magurudumu ya mbele ndiyo yawezayo kufanya kazi kubwa zaidi ya kukisimamisha. Kwenye miteremko ya Mbinga, mtu aliyepakia magunia hahitaji kuelezwa hayo na mwanafizikia.

Basi fundi aliamua kuondoa ngoma zote mbili na kuweka breki za diski, kwa spea za pikipiki za kawaida. Spea hizo si adimu. Tangu Honda ilipotoa pikipiki yake ya CB750 mwaka 1969 ikiwa na breki ya mbele ya diski, mtindo huo umeenea kiasi kwamba penye pikipiki mbovu zilizolundikana hapakosi diski, kalipa na pedi. Diski ni sahani ya chuma izungukayo wazi pamoja na gurudumu. Kalipa ni kishikizo kinachoikumbatia. Pedi ni vipande viwili vinavyoibana kutoka pande mbili. Maji hurushwa nje sahani inapozunguka. Maneno hayo matatu mafundi wanayatamka bila kusita, na kwa maoni yetu kazi ya Baraza kuhusu maneno hayo ni kuyaandika tu.

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Waya hauendeshi kalipa za aina hii. Zinahitaji kimiminika kilichofungiwa ndani ya bomba. Dereva akibana mkono wa breki, pistoni ndogo iliyomo katika silinda kuu, yaani mastasilinda ya mafundi, husukuma kimiminika hicho, na kanieneo, kama waandishi wa sayansi wanavyoliita, huenea sawasawa mpaka kwenye pistoni za kalipa. Silinda kuu ya kwanza aliyoifunga fundi ilikuwa na kipenyo cha milimita 12.7 na ilitoka katika pikipiki yenye kalipa moja. Sasa ilitakiwa kulisha kalipa mbili. Mkono wa breki ukawa unafika mpaka kwenye usukani kabla pedi hazijabana vizuri. Akatafuta nyingine ya milimita 15.9, ambayo eneo la pistoni yake ni takriban mara moja na nusu ya ile ya kwanza, na mkono ukasimama mahali pake. Kwa nini hakuchukua kubwa zaidi? Kwa sababu kani ile ile ya vidole ikigawanywa juu ya eneo kubwa, kanieneo hupungua, na mkono huwa mgumu kama jiwe. Hayo aliyaeleza bila neno hata moja la kitaalamu, na mwandishi hajapata kuyasikia yakielezwa vizuri zaidi darasani.

“Mwalimu,” alisema alipokuwa akitoa upepo katika bomba, “waya ukilegea unauona. Hii ikiharibika ndani huoni kitu.”

Mwandishi aliporudi Lizaboni baada ya wiki kadhaa alikuta chombo kile kile kimerudishwa. Mwenyewe alikuwa na karatasi ya maelekezo ambayo mwalimu mmoja alikuwa amemtafsiria kwa wema tu. Ilisema kwamba kila baada ya muda aangalie kikombe cha breki na kuongeza mafuta yakipungua. Yalipopungua akaongeza mafuta: oili safi ya injini, ya kopo jipya, ya bei. Raba za ndani, zile zinazozuia uvujaji, zimeundwa kustahimili kimiminika cha breki na si oili. Zikanywa oili, zikavimba, pistoni zikashindwa kurudi, pedi zikaendelea kusugua diski mpaka ikaungua. Kisha raba zikalegea na mkono wa breki ukawa mtupu katikati ya mteremko. Alipona kwa kukata kona na kuingia katika shamba la mahindi. Ilibidi raba zote zibadilishwe, kalipa zifunguliwe, na bomba litupwe.

Mwalimu yule hakukosea. Alitumia neno tulilompa sisi.

Tuliangalie neno lenyewe. Kwa Mswahili mafuta ni ya kula, ya kupaka, ya taa, ya gari. Ni mengi, lakini yote yana sifa moja ambayo hata mtoto anaijua: hayachangamani na maji. Kimiminika kilichomo katika chupa zilizoandikwa DOT 3 au DOT 4 huchangamana na maji. Tena huyavuta kutoka hewani, na ndiyo sababu hubadilishwa hata kama hakijapungua: DOT 4 ikiwa mpya haina budi kustahimili nyuzi 230 za Selsiasi kabla ya kuchemka, na ikiisha kunywa maji kiwango kinachotakiwa hushuka hadi nyuzi 155. (DOT 5 ni ya silikoni, haichangamani na maji, wala haifai kuchanganywa na hizo mbili, lakini nayo si oili.) Kwa hiyo kuiita DOT 4 mafuta ni kumwambia msomaji sifa ambayo kitu hicho hakina, na kumwelekeza kwenye kopo ambalo tayari analo nyumbani.

Wako waliopendekeza maji ya breki, kwa kufuata maji ya betri. Hatuwezi kuliunga mkono. Atakayefuata neno hilo kwa uaminifu atakwenda bombani. Kimiminika cha breki ni neno sahihi na linafaa katika vitabu vya shule. Walakini ni refu, na katika gereji tatu za Songea ambako mwandishi aliuliza, hakuna aliyelitumia. Walilolitumia ni fluidi, au breki-fluidi.

Tumezoea kufundishwa kwamba neno la asili lililo wazi ni bora kuliko la kukopa, na mara nyingi ni kweli. Hapa uwazi ndio uliodanganya. Fluidi halimwambii mkulima chochote, na hiyo ndiyo faida yake: hana fluidi nyumbani, hivyo hana budi kwenda dukani kuiulizia, na muuza spea atampa chupa inayotakiwa. Kwa sababu hiyo tunapendekeza breki-fluidi katika maelekezo ya matumizi, vibandiko na fomu za ukaguzi, na kimiminika cha breki katika ufafanuzi wa kisayansi. Mafuta ya breki liachwe.

Jambo hili si la mafundi peke yao. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, na kazi ya kutafsiri zilizopo na kanuni zake inawaangukia watumishi ambao wengi wao hawajapata kufungua kikombe cha breki. Neno likishaingia katika kanuni, kuling'oa ni kazi ya miaka.

Kuhusu istilahi nyingine tuseme kwa kifupi. Ngoma ya breki inaeleweka kote na ibaki. Kiatu cha breki ni tafsiri ya neno kwa neno ambayo haikumfikia fundi yeyote, brekishuu itoshe. Mpira tunashauri usitumiwe peke yake, maana katika gereji moja uliweza kuwa bomba, raba au tairi.

Fundi yule alikubali shauri letu, akaandika juu ya kifuniko cha kikombe, kwa rangi nyekundu, FLUIDI TU. Rangi haikudumu hata wiki moja, kwa kuwa breki-fluidi huibabua rangi popote inapodondokea. Sasa ameyachora maneno hayo kwa ncha ya msumari.