Bata wa Misri: Si wa Jirani, Ni Ndege wa Porini

Mvua ikijaza mabwawa na mashimo ya mawe yaliyoachwa wazi pembezoni mwa mji wa Kitengela, si ajabu kuona ndege wawili wakubwa wa kahawia wakila nyasi kando ya maji. Wapita njia wengi hudhani ni bata wa jirani waliotoroka. Wako pia wanaokamata vifaranga vyao na kuvipeleka nyumbani vikue pamoja na kuku. Lakini ndege huyo hana mwenyewe. Ni bata wa Misri, ambaye wanasayansi humwita Alopochen aegyptiaca, na analindwa na sheria.

Kumtambua si kazi ngumu. Ana urefu wa sentimita 63 hadi 73 kutoka mdomo hadi mkia, na uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili na nusu hivi. Kila jicho limezungukwa na doa la rangi ya hudhurungi, kana kwamba amevaa miwani. Doa jingine kama hilo liko kifuani. Miguu ni ya waridi, na mdomo pia ni wa waridi wenye kingo nyeusi. Akiwa ametulia chini anaonekana wa kawaida tu. Uzuri wake hujitokeza anaporuka, mabawa yanapofunguka na kuonyesha sehemu kubwa nyeupe, kisha nyeusi, kisha kijani kinachometameta juani. Dume na jike wanafanana kwa rangi, ila dume ni mkubwa kidogo. Sauti ndiyo inayowatofautisha: jike hupiga kelele nyingi za kukatikakatika, dume hutoa mlio wa kukwaruza kama mtu aliyepoteza sauti. Wachanga hawana madoa ya jicho wala ya kifua.

Asichanganywe na bata mwingine wa porini mwenye uso mweupe na shingo ndefu, ambaye husimama wima na kupiga mbinja. Huyo ni mdogo zaidi.

Jina lake lisimpotoshe mtu. Hakutoka Misri kuja Kenya. Makao yake ya asili ni karibu Afrika yote iliyo kusini mwa Jangwa la Sahara, isipokuwa misitu minene na majangwa, pamoja na bonde la mto Nile, ambako Wamisri wa kale walimchora kwenye sanaa zao. Waliomhamisha ni watu. Waingereza walimpeleka kwao tangu karne ya 17 ili apambe mabwawa ya matajiri, na baadaye akaenea Uholanzi, Ujerumani na nchi jirani. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulimweka kwenye orodha ya viumbe wavamizi. Huko ni mgeni msumbufu. Hapa Kajiado ni mwenyeji.

Anachohitaji ni maji ya wazi na nyasi fupi karibu nayo. Ndiyo maana humkosi kwenye vinamasi vya Amboseli, ambavyo hupata maji yanayopita chini ya ardhi kutoka Mlima Kilimanjaro. Kitengela nako alipata yote mawili tangu zamani, kwa kuwa mifugo na wanyamapori waliifanya mbuga kuwa na nyasi fupi. Siku hizi ploti zinazungushiwa ua, na kingo za mabwawa hutupwa taka au kujengwa hadi majini.

Ugumu mkubwa uko kwenye kutaga. Jike hutaga mayai kati ya 5 na 12 na kuyaatamia kwa siku 28 hadi 30. Kiota kinaweza kuwa chini kwenye majani, ndani ya shimo, au juu ya mti, mara nyingi kwenye kiota kilichoachwa na ndege mwingine mkubwa. Vifaranga vya juu ya mti havingoji kuota mabawa. Muda mfupi baada ya kuanguliwa, mama hushuka na kuviita, navyo hujirusha kimoja kimoja hadi chini, kisha familia nzima huanza safari ya miguu kuelekea majini. Vitachukua takribani siku 70 kabla ya kuweza kuruka. Ni katika safari hiyo ambapo hukutana na mbwa, magari, nyaya za ua na watoto wenye mawe.

Chini ya Katiba ya mwaka 2010, ulinzi wa wanyamapori ni jukumu la Serikali ya Kitaifa, na udhibiti wa magonjwa ya mifugo ni wa kaunti. Kwa hivyo bata aliyejeruhiwa, au mtu anayewawinda, aripotiwe kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Kumuua au kumfuga bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Ndege wa majini waliokufa kwa wingi mahali pamoja wasiguswe wala kuliwa. Afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe mara moja. Ndege hawa wanaweza kubeba virusi vya homa ya ndege bila kuonyesha dalili, na hiyo ni sababu nyingine ya kutowachanganya na kuku.

Vifaranga vinavyotembea kwa mstari nyuma ya wazazi wao havijapotea. Mwenye ploti anayevikuta ndani ya ua anaombwa kumfunga mbwa na kuacha geti wazi hadi vipite.