Durban kwa Treni: Stesheni Iko Wapi, na Mji Uko Wapi? (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilihusu miji ya kale ya Ulaya na swali linalomsumbua kila msafiri wa treni: alale karibu na stesheni au aingie ndani ya mji mkongwe? Tuliona kwamba huko Ulaya swali hilo halina uzito linaodhaniwa kuwa nao. Miji ile ilikuwa na mamia ya miaka, makanisa yake na kuta zake, kabla reli haijabuniwa. Reli ilipofika katika karne ya 19 iliukuta mji umekwisha kujengwa, ikabidi isimame mlangoni. Stesheni ya zamani ya Avignon iko nje kidogo tu ya ukuta. Jijini London tume ya serikali ilipendekeza mwaka 1846 kwamba stesheni kuu zisiruhusiwe kupenya katikati ya mji, na ndiyo maana King's Cross na St Pancras zimejipanga pembezoni, upande wa kaskazini. Venice ilifikiwa kwa daraja la reli mwaka huohuo wa 1846, na treni hadi leo huishia pale maji yanapoanza. Cologne wao walithubutu zaidi, wakaiweka stesheni yao ya mwaka 1859 chini ya kanisa kuu lenyewe. Kwa vyovyote vile, anayelala jirani na stesheni katika miji hiyo huwa amelala ukingoni mwa mji mkongwe, na kwa miguu hafiki mbali kabla hajaingia ndani. Ushauri wa vitabu vya wasafiri umetokana na hali hiyo, na wengi wetu huubeba mzimamzima hadi Afrika. Durban haukubali.

Sababu ni kwamba Durban na reli yake wamelelewa pamoja. Wafanyabiashara wa Kiingereza wakiongozwa na Francis Farewell walipiga kambi kwenye ghuba ile mwaka 1824, jina la D'Urban likatolewa mwaka 1835, na tarehe 26 Juni 1860 treni ya kwanza ya abiria katika Afrika Kusini ikatembea hapo, kutoka eneo la soko katikati ya mji hadi Point, kwenye mlango wa bandari, mwendo wa kilomita tatu hivi. Mji ulikuwa haujatimiza hata miaka 40. Haukuwa na ukuta wa kuizuia reli wala mtaa mkongwe wa kuhurumiwa, kwa hiyo stesheni iliwekwa moyoni, na majengo makubwa yakafuata kuizunguka. Mahakama ya zamani, ambayo sasa ni makumbusho ya historia ya mji, ni ya mwaka 1866. Jumba la jiji, lililoigwa kutoka jumba la jiji la Belfast, lilimalizika mwaka 1910. Jengo la stesheni la matofali mekundu lililojengwa miaka ya 1890 bado limesimama karibu na majengo hayo. Wenyeji hupenda kusimulia kwamba ramani za paa lake zilichanganywa na za stesheni ya Toronto, na kwamba paa la Durban liliundwa kubeba theluji nzito. Hadithi tamu, ingawa ushahidi wake ni mdogo kuliko umaarufu wake. Lililo hakika ni kwamba msafiri wa mwaka 1910 aliyelala mtaa wa pili kutoka stesheni alikuwa amelala katikati kabisa ya Durban.

Kisha stesheni ikahama. Ilipofika miaka ya 1980 treni zilikuwa zimeshaondolewa pale na kupelekwa kwenye jengo jipya la zege kati ya Umgeni Road na Masabalala Yengwa Avenue. Karakana za reli zilizobaki nyuma ziligeuzwa kuwa maduka ya The Workshop mwaka 1986. Ulaya nayo inajua uhamisho wa namna hii: Bruges waliondoa stesheni yao kwenye uwanja wa 't Zand na kuisogeza kusini, jengo la sasa likafunguliwa mwaka 1939. Lakini ukishuka Bruges unauona mji kwa mbali na njia ya kwenda huko inaeleweka. Ukishuka Durban unakuta barabara pana za magari, maghala, viwanja vya kuegesha, na upande wa kaskazini viwanja vya michezo vya Kings Park na Moses Mabhida. Waliochora ramani hiyo walimfikiria mwenye gari na abiria wa kila siku anayeletwa kazini kisha arudishwe kwao. Mgeni mwenye begi hawakuwa naye akilini. Hata anayekuja kwa basi la masafa marefu kwa kawaida hushushwa hapohapo. Kulala jirani na stesheni hii, basi, ni kulala karibu na kitu utakachokihitaji mara mbili tu, siku ya kufika na siku ya kuondoka, na mbali na kila kitu utakachokihitaji siku zote zilizo katikati. Hapo ndipo ilipo hoja yangu yote: malazi yapimwe kwa safari zinazorudiwa, si kwa safari ya kufika.

Tatizo ni kwamba ramani ya hoteli za Durban nayo haikuchorwa kwa ajili ya anayekuja kutazama historia. Ilichorwa kwa ajili ya likizo. Kwa miongo mingi watu wa Johannesburg na Transvaal waliteremka kwa treni kutafuta bahari, na hoteli zikajipanga kwenye Marine Parade, sasa O.R. Tambo Parade, zikitazama mawimbi na kuupa mji mgongo. Watu hao walikuwa Wazungu, maana fukwe zenyewe ziligawanywa kwa rangi, na sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma ilifutwa mwaka 1990 tu. Wengine walilala walipoweza. Mfano maarufu kupita yote ni wa wakili kijana aliyeshuka melini Durban mwezi Mei 1893. Mohandas Gandhi alipanda treni ya kwenda Pretoria akiwa na tiketi ya daraja la kwanza, akateremshwa kwa nguvu Pietermaritzburg usiku wa tarehe 7 Juni, akaumaliza usiku ule wa baridi kwenye chumba cha kusubiria. Alipofika Johannesburg alikwenda Grand National Hotel kuomba chumba, akaambiwa vyumba vimejaa. Anayesoma leo orodha ya hoteli za Durban na kujiuliza kwa nini karibu zote ziko upande mmoja wa mji, jibu lake limo humo.

Historia ambayo msomaji wa Kiswahili angeifuata Durban iko upande wa pili. Iko Grey Street, sasa Dr Yusuf Dadoo Street, ambako wafanyabiashara Waislamu kutoka Gujarati walinunua kiwanja mwaka 1881 na kuanzisha Msikiti wa Juma. Msikiti huo umeota maduka ubavuni: unatazama juu unaona kuba za rangi ya dhahabu kwenye minara, unashusha macho unaona vitambaa vinauzwa chini yake. Kutoka hapo kuna uchochoro wa Madressa Arcade, wenye ushanga, masanduku ya bati na redio, na ukitokea upande wa pili unakabiliana na Kanisa Kuu la Emmanuel la Wakatoliki. Hatua chache mbele ni Warwick, makutano ya masoko, vituo vya mabasi na teksi za abiria ambazo sisi tungeziita daladala au matatu, panapopita mamia ya maelfu ya watu kwa siku. Soko la Alfajiri la hapo ni la mwaka 1910. Juu ya kipande cha barabara ya angani ambacho hakikumaliziwa, waganga wa Kizulu wanauza mizizi na magome, na chini kuna akina mama wanaochemsha vichwa vya ng'ombe, nyama ikikatwa juu ya ubao na kuliwa kwa chumvi. Kwa anayetumia treni za mjini, stesheni ndogo ya Berea Road iko ubavuni mwa yote hayo, na kwa shughuli hii ina manufaa kuliko stesheni kuu.

Pingamizi la kwanza linahusu mizigo. Mtu aliyesafiri usiku kucha, begi zito mkononi, hataki kusikia habari za jiografia, anataka kitanda. Ni kweli, na kama unafika saa tano usiku na kuondoka alfajiri, basi lala karibu na stesheni, maana hukuja kuutazama mji. Lakini kwa anayekaa siku tatu, mzigo huo unabebwa mara mbili kwa teksi ya kuitwa kwa simu, ilhali umbali wa kila siku unalipwa kila siku. Tena Durban ya leo haina treni nyingi za kumtisha msafiri kwa ratiba. Huduma ya Shosholoza Meyl kutoka Johannesburg imekuwa ya kusuasua tangu janga la korona la mwaka 2020, na mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua zaidi ya watu 400 katika jimbo la KwaZulu-Natal, yaliharibu njia za reli zenyewe. Anayetaka treni ya anasa atapanda Rovos Rail kutoka Pretoria, na huyo hakosi wa kumbebea begi. Aliyekata tiketi ya kawaida ahakikishe kwanza kwamba treni ipo, na asilipie chumba kisichorudishiwa pesa kabla ya hapo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo ni usalama. Kwa hoja ya safari zinazorudiwa, mgeni angetakiwa alale Grey Street penyewe au mtaa wa jumba la jiji. Simshauri. Maduka yakifungwa jioni katikati ya Durban hubaki wachache, na mitaa iliyokuwa imefurika saa kumi huwa mitupu saa moja. Wenyeji wenyewe hawatembei hapo usiku kwa miguu, na mgeni hana sababu ya kuwa shujaa kuliko wao. Je, hoja imevunjika? La, inahitaji kusahihishwa kidogo tu: safari zinazohesabiwa ni za aina mbili, za mchana na za usiku, na za usiku ndizo zenye masharti. Mchana unaweza kwenda Grey Street kutoka popote na kurudi. Jioni unataka kula, kutembea kidogo na kulala bila kuita gari kila mara. Sehemu ya kusini ya ufukwe inatimiza sharti hilo: njia ya waenda kwa miguu kandokando ya bahari ina watu asubuhi na jioni, wanaokimbia, wanaovua samaki, familia zenye watoto, na kutoka hapo hadi jumba la jiji si mbali. Kwa hiyo hoteli zilezile zilizojengwa kwa ubaguzi sasa ni chaguo la busara kwa anayekaa usiku mmoja au miwili, mradi asisahau kwamba dirisha lake linatazama upande usio na historia anayoitafuta. Kwa Warwick, aende asubuhi pamoja na waongozaji wanaofanya kazi na wachuuzi wa hapo. Shirika la Asiye eTafuleni limekuwa likiandaa matembezi hayo. Picha azipige baada ya kuomba ruhusa.

Wapo watakaosema: kwa nini nisilale Umhlanga, palipo pazuri na salama? Ni pazuri. Lakini ni zaidi ya kilomita 15 kaskazini, na anayelala huko atatumia pesa za teksi ambazo zingemlipia chumba bora mjini. Umhlanga unamfaa aliyekuja kwa ndege kutafuta bahari. Kuhusu bei kwa jumla, kinachoipandisha kuliko mtaa ni kalenda: Desemba, Pasaka, mbio za Comrades mwezi Juni, na Jumamosi ya kwanza ya Julai, siku ya mbio za farasi za Durban July, vyumba huadimika kila upande.

Kwa anayekaa siku nne na zaidi, jibu langu ni mlimani, si ufukweni: Glenwood, Berea, au Overport. Kuna nyumba za wageni nyingi ndogo, na upande wa Overport kuna misikiti na migahawa ya halali ya kutosha, bunny chow ikiwemo, ule mkate uliotobolewa na kujazwa mchuzi. Grey Street na Warwick ziko chini ya kilima. Na zaidi ya hapo, kutoka mlimani barabara zinaelekea kusini na magharibi, kwenye sehemu ya Durban inayotuhusu sisi kuliko zote. Kati ya mwaka 1873 na 1880 manowari za Kiingereza zilishusha Durban zaidi ya watu 500 waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, wakaitwa Wazanzibari kwa sababu ya njia waliyopitia. Waislamu miongoni mwao walipata makazi Kings Rest, kwenye Bluff, katika ardhi iliyosimamiwa na wadhamini wa msikiti uleule wa Grey Street. Serikali ya makaburu ilihangaika kuwapatia rangi, ikaishia kuwaandika kuwa Waasia wa aina nyingine, na miaka ya 1960 ikawaondoa Bluff na kuwapeleka Chatsworth, ambako jamii yao iko hadi leo. Kings Rest na Chatsworth hakuna hoteli ya kusifia, na si lazima iwepo. Kutoka Berea ni safari ya nusu saa kwa gari kwenda kila upande. Anayetaka kwenda awasiliane mapema na viongozi wa msikiti, aende mchana, na Ijumaa aanzie Grey Street kwa swala kabla ya kupanda gari kwenda Chatsworth.