Misitu Iliyolindwa kwa Hofu

Msafiri aondokaye Voi huiacha nchi kame ya migunga, akapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, kisha barabara huanza kuzunguka na kupanda mpaka Wundanyi, penye migomba, baridi na ukungu. Juu kabisa ni kilele cha Vuria, chenye kimo cha mita 2,208.

Katikati ya mashamba ya milimani, atazamapo vema, ataona miti mikubwa ya kale iliyosimama pamoja, kana kwamba wakulima walisahau kuifyeka. Hawakusahau. Mahali hapo ni fighi.

Fighi, kwa desturi ya Wadawida, ni msitu mtakatifu. Humo wazee walitoa sadaka ya kuomba mvua, na humo, kwa imani yao, iliwekwa kinga ya kuwazuia maadui wasiingie nchini. Kukata mti kulikuwa mwiko. Aliyethubutu alihofia msiba katika nyumba yake.

Karibu na watu zaidi kulikuwa na ngomenyi, mapango ya mafuvu. Mzee akifa alizikwa kama desturi, na baada ya muda, nyama ilipokwisha kuoza, kaburi lilifukuliwa. Fuvu lake lilipelekwa chini ya mwamba, likapangwa pamoja na mafuvu ya jamaa zake waliotangulia. Penye ukame au ugonjwa, ukoo ulikwenda hapo kusema na wazee wake. Mgeni huweza kuona jambo hili kuwa la kutisha. Kwa mwenye ukoo halikuwa hivyo, kwani alikwenda kwa babu yake.

Wamisionari wa Kianglikana walifika Sagalla mwaka 1883, na mapadre wa Kikatoliki walikaa Bura mwaka 1892. Desturi ya kufukua mafuvu ilikoma polepole, lakini mafuvu mengi yangali mapangoni. Hofu nayo ilipungua, na shoka likaanza kuingia mahali lilipokatazwa. Watu waliongezeka, mashamba yakawa haba, na sehemu nyingine zikapandwa misonobari na mikaratusi, miti ya kigeni ambayo si badala ya msitu wa asili.

Hasara yake si ya mila pekee. Miti ya milimani hunasa ukungu utokao upande wa bahari na kuudondosha ardhini, na kutoka milima hiyo hushuka mto Voi, unaopita katika mji wenye jina lilo hilo. Anayeteka maji chini ana haki ya kuuliza habari za miti iliyo juu.

Msitu wa asili uliosalia ni vipande tu. Ngangao ni kama hekta 120. Mbololo ni mkubwa kidogo. Hata hivyo, katika vipande hivyo wamo ndege wasioonekana penginepo duniani, na Mbololo huota ua dogo la urujuani, Saintpaulia teitensis, jamaa ya maua ambayo watu wa Ulaya huyatunza vyunguni madirishani. Hapa humea lenyewe mwambani, wala wengi hupita bila kuliangalia.

Atakaye kuzuru ngomenyi na awaendee kwanza wazee wa ukoo, aombe ruhusa, na akifika asiguse kitu. Mafuvu yale yana wenyewe.