Nafasi ya Mwanafizikia wa Tiba katika MRI ya Tesla 7
Mwaka 2017, Marekani iliidhinisha mashine ya kwanza ya MRI ya tesla 7 kwa matumizi ya kitabibu. Katika uga sumaku huo, protoni za hidrojeni huitikia mawimbi ya redio ya takribani megahezi 298. Ndani ya ubongo, urefu wa wimbi hilo hupungua hadi sentimita 13 hivi, chini ya urefu wa kichwa. Mawimbi huingiliana: sehemu fulani za picha hufifia, na baadhi ya tishu hupata joto zaidi.

Mwanafizikia wa tiba husawazisha mawimbi hayo, hukadiria joto, na humshauri daktari kuhusu vipandikizi, kwani kilicho salama katika tesla 3 chaweza kudhuru katika tesla 7. Kwa hiyo, mpango wa ununuzi usiotenga nafasi ya kudumu ya mtaalamu huyo haujakamilika.