Kuzaliwa Kenya si kuwa Mkenya: Sheria ya uraia yasemaje?

Mjadala kuhusu wahamiaji unapozuka humu nchini, aghalabu huelekezwa kwa wakimbizi walio katika kambi za Dadaab na Kakuma, au kwa raia wa nchi jirani wanaovuka mpaka kutafuta riziki. Lipo kundi la tatu ambalo ni nadra kutajwa. Hawa ni watu waliozaliwa papa hapa, wakawazika wazazi wao hapa, ilhali kisheria hawakuwa raia wa Kenya wala wa taifa jingine lolote duniani.

Wamakonde wa Kwale, Washona wa Kiambu na Nairobi, pamoja na Wapemba wa Kilifi na Kwale ni mifano bora ya kundi hilo. Masaibu yao yanatuonyesha kwamba swali la nani mgeni na nani mwenyeji si jepesi jinsi linavyosikika katika majukwaa ya siasa.

Wamakonde walianza kuletwa kutoka Msumbiji katika miaka ya 1930 kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa huko Pwani. Wengine waliwafuata baadaye wakikimbia vita nchini mwao. Washona walitoka Rhodesia Kusini, ambayo leo ni Zimbabwe, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hao walikuja kueneza injili ya kanisa lao, wakajulikana kwa useremala na ususi wa vikapu. Wapemba nao ni wavuvi waliofuata samaki na pepo za msimu kutoka kisiwa cha Pemba. Wengine walihamia huku baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka wa 1964.

Hapa yafaa msomaji akumbuke jambo moja la historia. Hadi mwaka wa 1963, ukanda wa Pwani wenye upana wa maili 10 ulikuwa kisheria milki ya Sultani wa Zanzibar, ingawa ulisimamiwa na Waingereza. Mvuvi aliyetoka Pemba akatia nanga Vanga au Kilifi kabla ya mwaka huo hakutoka katika milki ya Sultani huyo. Yeye hakuvuka mpaka wa mataifa mawili. Mpaka ndio uliokuja ukampita.

Kenya ilipojipatia uhuru mnamo Desemba 12, 1963, katiba iliweka kanuni kuhusu nani angekuwa raia. Aliyezaliwa nchini chini ya himaya ya Uingereza aliupata uraia moja kwa moja iwapo angalau mmoja wa wazazi wake alizaliwa Kenya pia. Wengine waliotimiza masharti walipewa miaka miwili kuomba kusajiliwa. Kibarua wa shamba la mkonge asiyejua kusoma angepataje habari za makataa hayo? Muda ulipita, mlango ukafungwa, na watoto waliozaliwa baadaye wakarithi hali ya wazazi wao.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilileta mageuzi makubwa, ikiwemo ruhusa ya kuwa na uraia wa nchi mbili. Hata hivyo, haikubadilisha msingi wa jambo hili. Kifungu cha 14 kinasema kuwa mtu ni raia kwa kuzaliwa iwapo mama au baba yake ni raia. Mahali alipozaliwa si hoja. Ndiposa mtoto wa Mkenya anayezaliwa London huwa Mkenya, naye mtoto wa wazazi wasio na uraia anayezaliwa Msambweni huwa si Mkenya. Asiyejulikana wazazi wala uraia wake, akipatikana nchini akionekana kuwa na umri wa chini ya miaka minane, huchukuliwa kuwa raia. Kwa hivyo, mtoto wa kuokotwa ana ulinzi kuliko yule ambaye wazazi wake wanajulikana na kijiji kizima.

Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka wa 2011 ndiyo iliyojaribu kuziba pengo hilo. Iliruhusu usajili wa watu wasio na uraia wa nchi yoyote ambao wameishi Kenya mfululizo tangu Desemba 12, 1963, pamoja na vizazi vyao. Miongoni mwa masharti ni kwamba mwombaji awe anafahamu Kiswahili au lugha nyingine ya humu nchini, na asiwe amewahi kufungwa jela miaka mitatu au zaidi. Lakini sheria hiyo iliweka kikomo: maombi yawasilishwe katika muda wa miaka mitano, na waziri angeweza kuongeza mitatu tu.

Muda huo ulikuwa ukiyoyoma pale Wamakonde wapatao 300 walipofunga safari kutoka Kwale mnamo Oktoba 2016, wakielekea Nairobi kwa miguu kuonana na Rais. Rais Uhuru Kenyatta aliagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwaka huo kwisha. Baadaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Katika sherehe za Jamhuri za mwaka wa 2020, Rais alitangaza kuwa Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda wangepewa uraia. Zamu ya Wapemba iliwadia mwaka wa 2023, chini ya Rais William Ruto.

Huenda msomaji akauliza, kitambulisho kina uzito gani hata watu watembee mamia ya kilomita kwa ajili yake? Bila kipande hicho, mtu hawezi kufungua akaunti ya benki, kusajili laini ya rununu kwa jina lake, kutuma pesa wala kupiga kura. Kupata hatimiliki ya ardhi huwa muhali. Mvuvi hukosa leseni, naye akikutana na polisi baharini huwa hana la kujitetea nalo. Kijana hufaulu shuleni, kisha hukwama pale anapotakiwa kuonyesha stakabadhi.

Wanaotaka masharti makali nao wana hoja, na si haki kuzibeza. Mashambulizi ya Westgate mwaka wa 2013 na Chuo Kikuu cha Garissa mwaka wa 2015 yaliacha majeraha. Kuna hofu kwamba maafisa wafisadi huuza vitambulisho kwa wageni, na kwamba wanasiasa huwasajili watu wa ng'ambo ya mpaka ili wawapigie kura. Ndiyo sababu mjadala ulipamba moto mnamo Februari 2025, Rais Ruto alipotangaza kufutwa kwa msasa wa ziada waliokuwa wakipitishwa wakazi wa kaskazini mashariki kabla ya kupewa vitambulisho.

Hata hivyo, hofu hiyo haijibiwi kwa kumwacha mtu nje ya daftari za serikali. Aliyesajiliwa hujulikana jina, makazi na alama za vidole. Asiyesajiliwa hajulikani, na ndiye humlisha afisa mla rushwa kila uchao. Dawa ya ufisadi ni kumwadhibu anayeuza kitambulisho, wala si kumnyima anayestahili.

Aidha, haki ambayo hungoja amri ya Rais ni haki yenye miguu dhaifu. Jamii iliyopata watetezi na kamera za wanahabari imesikilizwa. Familia iliyo peke yake bado yangoja. Mwaka wa 2019, jijini Geneva, Kenya iliahidi kujiunga na mikataba ya kimataifa kuhusu watu wasio na uraia. Bunge nalo lina uwezo wa kuondoa kikomo cha muda, na kuweka kanuni kwamba mtoto anayezaliwa Kenya asiwe mtu asiye na taifa.

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wamakonde walikabidhiwa jembe katika mashamba ya mkonge takriban miaka 90 iliyopita, na hawajalitua. Sheria inayoendelea kuwaita wageni wajukuu wa watu kama hao haijailinda nchi; imesahau tu kuhesabu siku.